Mgonjwa anatoka damu puani, mbona hamumuongezi damu?

Tangu mvua zianze sanduku la maoni limejaa malalamiko na karibu yote yanafanana, kwamba ndugu yetu kalazwa na homa kali ya virusi, damu inamtoka puani na kwenye fizi, halafu madaktari wanamuangalia tu. Najibu hapa kwa wote maana koridoni tumeshachoka kueleza.

Iwe dengi iwe homa ya bonde la ufa, virusi vinashusha chembe sahani, zile zinazoziba mshipa ukichubuka, na bonde la ufa likiwa kali linaharibu na ini, ambalo ndo linatengeneza vitu vya kugandisha damu. Sasa ukimtundikia chupa tu bila kuangalia hayo unajaza ndoo iliyotoboka. Kwenye dengi mishipa inavujisha maji pia, ukizidisha dripu yanaishia kwenye mapafu.

Kwa hiyo tunapima damu mara kwa mara, pua tunaibana, fizi tunakandamiza kwa gozi, na sindano za msuli tunaacha kabisa. Chembe sahani kushuka peke yake si sababu ya kuongezewa. Anaongezewa anayetoka damu nyingi kweli, anatapika damu, choo cheusi kama lami, presha inashuka.

Hapo utaratibu uko hivi: daktari anajaza fomu, sampuli inachukuliwa na kuandikwa jina palepale kitandani, sisi maabara tunapima grupu halafu tunailinganisha na damu ya mchangiaji, ikitoka kwenye friji ianze kutundikwa ndani ya nusu saa na iishe ndani ya masaa manne, na dakika 15 za kwanza nesi habanduki. Chembe sahani zenyewe zinakaa siku tano tu, ndo maana leo zipo kesho hamna, hakuna anayezificha. Damu haiuzwi. Ukiombwa hela nenda kwa mganga mfawidhi au TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, mtumishi akibainika ni nidhamu na mahakama, na wewe uliyetoa pia una kosa, msijifanye hamjui.

Halafu nyie ndugu. Diklofenaki tunaikuta ndani ya hotpoti la uji! Hiyo na asprini zinazidisha kutoka damu, homa tunashusha kwa parasetamo tu, tena kwa kipimo chetu. Juisi ya rozela nayo iacheni kwanza nyumbani, sio kwamba ni mbaya, ila akitapika nyekundu hatujui ni damu au ni rozela.

Na mgonjwa kutengwa wodini sio kunyanyapaliwa. Mlipuko wa bonde la ufa wa 2007 Dodoma yetu ndo iliongoza kwa wagonjwa, na wengi wanaupata kwa mnyama, kwa kuchinja, kuchuna au kushika kijusi cha mbuzi aliyetupa mimba, na mbu nao wanaambukiza. Mtu kumuambukiza mtu haijathibitishwa, lakini Marburg, homa nyingine ya virusi inayotoa damu, iliyotokea Kagera 2023 na tena 2025 inaambukiza kwa damu na majimaji ya mwili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, hivyo mpaka majibu ya maabara yarudi shuka lenye damu haliendi kufuliwa nyumbani, hata mama mzazi akilia.

Wafugaji, mkifika mapokezi semeni kabisa kama zizini kuna mifugo imetupa mimba, msisubiri kuulizwa. Kama mgonjwa bado yuko nyumbani na damu imeanza kutoka, msimbebe kwenye bodaboda, pigeni 199, ni bure.