Baridi au joto? Maswali na majibu kuhusu vifaa vya kukandia majeraha

Nimeteguka kifundo cha mguu sasa hivi. Nianze na baridi au maji ya moto?

Anza na baridi. Mguu ukiteguka, mishipa midogo ya damu hupasuka ndani kwa ndani na majimaji huanza kujaa kwenye tishu zilizoumia. Baridi huibana mishipa hiyo na kutia ganzi, maumivu yakapoa. Joto huipanua na kuita damu zaidi mahali ambapo bado panavuja. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba kilichoteguka hukandwa kwa maji ya moto papo hapo, na inaniuma kuona mguu uliovimba kidogo asubuhi ukiwa hauingii kwenye kiatu jioni. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, maji ya moto yasubiri.

Lakini siku hizi wanasema barafu inachelewesha kupona.

Hoja hiyo ina msingi. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alieneza kanuni ya mambo manne: pumzisha, weka barafu, funga bandeji, inua. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alibadili msimamo kuhusu barafu, kwa sababu uvimbe wa mwanzo huleta chembe zinazosafisha tishu zilizoharibika na kuanza ukarabati. Ukiuzima kabisa, unaizuia kazi hiyo. Mimi naichukulia baridi kuwa dawa ya maumivu tu: itumie siku ya kwanza na ya pili, kwa vipindi vifupi, kisha uiache. Anayeweka barafu wiki tatu mfululizo hajiharakishii kupona.

Barafu ya kawaida, pakiti ya jeli, au ile ya kubonyeza hadi ipasuke ndani? Ipi bora?

Watu huamini jeli ni salama zaidi kwa kuwa ni laini. Sivyo. Barafu inayoyeyuka hubaki kwenye nyuzi 0 za Selsiasi mpaka kipande cha mwisho kiishe, kwa hiyo ina kidhibiti chake yenyewe. Pakiti ya jeli iliyotoka kwenye friza inaweza kuwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, na ulaini wake huifanya igandamane vizuri na ngozi. Hapo ngozi inaweza kuganda na kutoa malengelenge kama ya moto. Ukitumia jeli, iache nje ya friza dakika chache, kisha uizungushie kitambaa. Barafu nayo iweke kwenye mfuko pamoja na maji kidogo ili ikae vizuri kwenye kifundo, halafu kitambaa chepesi chenye unyevu kiwe kati yake na ngozi.

Ile ya kubonyeza ina maji na chembe za kemikali, kwa kawaida urea au chumvi ya amonia, ambazo hufyonza joto zinapoyeyuka. Inafaa kwenye mkoba wa huduma ya kwanza kwa sababu haihitaji friza, lakini baridi yake huisha upesi na hutumika mara moja tu. Ikivuja, osha ngozi kwa maji mengi.

Ipo pia mashine inayozungusha maji baridi ndani ya mkanda unaofungwa kwenye kiungo, hasa baada ya upasuaji wa goti. Ni kifaa kizuri, ila kwa kuwa hakichoki, mgonjwa hujisahau. Kuna watu waliojeruhiwa ngozi kwa kukiacha kikifanya kazi saa nyingi mfululizo. Fuata ratiba uliyopewa na daktari, na ngozi iliyo chini ya mkanda ikaguliwe mara kwa mara.

Dakika ngapi?

Kumi hadi kumi na tano, zisizidi ishirini. Kisha pumzisha ngozi saa moja au mbili. Utahisi ubaridi, kisha mchomo, kisha maumivu ya ndani, halafu ganzi. Ganzi ikifika, ondoa. Upande wa nje wa goti na nyuma ya kiwiko punguza zaidi, kwani mishipa ya fahamu hapo iko karibu sana na ngozi.

Joto linafaa lini?

Uvimbe ukishatulia, au kwa msuli uliokaza, mgongo unaouma na kiungo kigumu cha siku nyingi. Chupa ya mpira ijazwe theluthi mbili, kwa maji ya moto yasiyochemka, na hewa itolewe kabla ya kufunga. Pakiti yenye kisahani kidogo cha chuma ndani hupata joto la nyuzi 54 hivi pale chumvi yake inapoganda. Ukiichemsha hurudi kuwa maji, tayari kwa mara nyingine. Kwa pedi ya umeme, chagua yenye kidhibiti joto na inayojizima yenyewe.

Pedi yangu haikuwa moto sana. Mbona niliungua?

Muda ndio uliokuunguza. Nyuzi 44 zinavumilika, lakini zikigusa ngozi kwa takriban saa sita zinatosha kuiunguza, na kuanzia hapo kila nyuzi inayoongezeka hupunguza muda huo kwa karibu nusu. Kwa hiyo usilale usingizi na pedi mwilini, wala usiilalie, kwa sababu uzito wako hulizuia joto lisitoke. Usiiweke juu ya dawa ya kuchua. Na kama umebandikwa plasta ya dawa kali ya maumivu ya fentanili, usiipashe joto kabisa: dawa itaingia mwilini kwa kasi, na hilo linaweza kuua.

Nani asivitumie bila kuuliza?

Mwenye kisukari ambaye miguu imepoteza hisia, kwanza kabisa, maana atakapogundua ameungua itakuwa jioni, soksi ikiwa imelowa. Wengine ni mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni, anayetoka vipele akiguswa na baridi, mtoto mdogo, na mzee asiyeweza kusema "inatosha". Joto lisiwekwe pia kwenye jipu, kidonda chenye maambukizi wala uvimbe wa saratani.

Nisiendelee kukanda nyumbani nikiona nini?

Nenda hospitali ukishindwa kupiga hatua nne, mfupa wenyewe ukiuma ukiubonyeza, au kiungo kikipinda. Nenda haraka zaidi vidole vikiwa vyeupe, vya baridi au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi huku msuli ukiwa mgumu kama ubao. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likawa jekundu na lenye joto bila kuumia popote, usilikande wala usilichue: huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na inahitaji daktari siku hiyo hiyo.