Si Kila Kichwa Kinachouma ni Kipandauso

Hapa Lamu siku hizi hakuna tena anayeumwa na kichwa tu. Aliyeshinda gatini akipakua mawe bila kunywa maji ana kipandauso. Aliyekesha harusini ana kipandauso. Mwanafunzi aliyeinamia simu tangu magharibi hadi usiku wa manane, naye vilevile. Wote wanaumwa, sikatai. Lakini kipandauso ni ugonjwa wenye sura yake, na kulitupia jina hilo kila kichwa kunawaumiza zaidi wale walio nao kweli, kwa sababu hakuna anayewaamini tena.

Maana yake kwa ufupi: ni ugonjwa wa ubongo na neva unaokuja kwa vipindi, na kuuma kwa kichwa ni sehemu moja tu ya kipindi hicho. Kisipotibiwa huchukua saa 4 hadi 72, kisha mtu akarudi kuwa mzima mpaka kije kingine. Hufuata ukoo, na huwapata wanawake karibu mara tatu zaidi ya wanaume, wengine kila wanapokaribia siku zao za mwezi.

Linaloniudhi ni imani kwamba tofauti iko kwenye ukali, yaani kichwa kikiuma kidogo ni kichwa, kikiuma sana ni kipandauso. Sivyo. Angalia kinachofuatana na maumivu. Kichwa kinachowasumbua watu wengi zaidi ni kile cha mkazo. Hicho hushika pande zote mbili na kubana kama kilemba kilichokazwa, kwa nusu saa au hata siku 7. Kinachosha, lakini mwenyewe anapanda ngazi, anakula wali wake, anazungumza na wageni. Kipandauso hupwita, mara nyingi upande mmoja ingawa si lazima, na kila hatua ya ngazi hukizidisha. Tumbo huchafuka. Mwanga humchoma na kelele humchoma. Utamkuta chumba cha ndani kabisa, madirisha yamefungwa mchana, leso imekazwa kichwani, ndoo iko ubavuni. Udi uliofukizwa ukumbini, ambao siku nyingine anaupenda, leo ukimfikia tu anatapika. Mwenye kichwa cha mkazo humkuti katika hali hiyo.

Tena wapo, ingawa si wote, ambao kabla ya maumivu huona vimulimuli au mistari ya misumeno ikitembea mbele ya macho, au vidole vikafa ganzi, kwa muda usiozidi saa moja. Baadhi yao huishia kununua miwani. Ikikutokea kwa mara ya kwanza usijipe jina mwenyewe, nenda ukaangaliwe, maana kiharusi nacho huweza kuanza kwa ganzi.

Wengine husema, "Ni presha hiyo." Presha ikipanda kwa kawaida haisemi kitu, na ndiyo maana inaua. Kichwa huuma kwa ajili yake pale inapokuwa juu mno, kama 180 kwa 120 na kuendelea. Basi anayesubiri kichwa kimwambie habari za presha atasubiri sana. Ipimwe.

Na kuna kichwa cha siku za mwanzo za Ramadhani, ambacho mji wa kahawa kama huu ungepaswa kukijua vizuri. Mwili uliozoea vikombe kadhaa vya kahawa chungu kila siku, ukinyimwa ghafla, huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Huo si ugonjwa. Punguza kahawa kidogo kidogo wiki moja kabla ya mwezi kuandama, au unywe kikombe kimoja wakati wa daku, na maji ya kutosha.

Jina lisilo lake lina gharama, na gharama yenyewe iko kwenye tembe. Mtu akishaamini ana kipandauso, hununua dawa ya maumivu dukani kila kukicha. Ukimeza parasetamoli ya kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zilizochanganywa na aspirini na kafeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu. Mtu huzidi kumeza, kichwa nacho huzidi kuuma. Njia ya kutoka ni kuziacha kwa uangalizi wa daktari, na siku za mwanzo huwa mbaya zaidi kabla ya nafuu kuja. Mwenye kipandauso cha kweli anahitaji mpango mwingine: dawa inywewe mapema maumivu yanapoanza, na vipindi vikiwa vingi daktari ampe dawa ya kuvizuia, kama propranololi au amitriptilini.

Kichwa kilichopasuka ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyaona, au chenye homa na shingo ngumu, au kilichokuja na udhaifu wa upande mmoja, au kilichofuata pigo la kichwa, kikimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Homa peke yake, kwetu pwani, ipimwe malaria.

Basi mtu akikwambia, "Kitwa chaniuma, nina kipandauso," usimkatize. Muulize maswali matatu ambayo hata madaktari huyatumia: katika miezi mitatu iliyopita, kikiuma, tumbo limekuwa likichafuka? Mwanga umekuwa ukikuudhi? Kimewahi kukuzuia kazi zako hata siku moja? Akiitikia mawili, huenda ni kweli anacho, naye asiambiwe ajikaze, aende kwa daktari. Akikana yote, mpe maji, mkalishe kivulini, na umwambie kwa upole kwamba hicho ni kichwa tu.