Majani hayali kinyesi

Jumamosi, saa moja asubuhi, simu. "Fundi, samaki wote wanaelea tumbo juu! Na juzi tu nimeongeza majani!" Huyu ni wa tatu mwezi huu, na wote wana wimbo mmoja: majani ya tangi la samaki yanasafisha maji, kwa hiyo filta nimechomoa, maana umeme wa Luku unakimbia. Nimechoka kulijibu hili kwenye simu, mara nyingine mpira wa kunyonyea maji nikiwa nimeubana mdomoni. Leo naandika.

Jani halili kinyesi. Kinyesi, chakula kilichobaki na majani yaliyooza hukaa palepale kwenye changarawe mpaka bakteria wavivunje, au mpaka wewe uje na mpira uvinyonye. Mmea unanyonya kilichoyeyuka tu: amonia, ambayo samaki huitoa zaidi kwenye matamvua, kisha naitrati na fosfati. Mimea mingi ya majini huanza na amonia kabla ya naitrati, kwa kuwa naitrati inaugharimu mmea nguvu kuigeuza kabla ya kuitumia. Kuondolewa amonia hivyo ni msaada mkubwa, hasa kwa mwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi) ya juu. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia 1. Ikipanda hadi 8, inapita asilimia 6. Samaki walewale, chakula kilekile.

Kwa hiyo mimea sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni Anubias, ule mmea wa tangini unaokua polepole.

Kila mtu ananunua Anubias kwa sababu haifi. Ni kweli, haifi. Lakini haili pia. Inaweza kukaa wiki kadhaa ikitoa jani moja. Sasa fikiria: ile amonia inakwenda wapi? Inakwenda kujenga jani jipya. Hakuna jani jipya, hakuna kilichonyonywa cha maana. Mtu ana samaki kumi na wawili na Anubias tatu zimefungwa kwenye gogo, halafu ananiambia ana filta ya asili. Una pambo, ndugu yangu. Zuri sana, lakini pambo.

Ukitaka mmea ufanye kazi, tafuta ule unaokuudhi kwa kukua. Ceratophyllum, usio na mizizi, unautupia tu ndani. Pistia na Lemna zinazoelea juu ndizo walafi hasa, kwa sababu mwanga zinaupata wa kwanza na kaboni dioksaidi zinaivuta hewani badala ya kuhangaika na ile kidogo iliyomo majini. Hata mizizi ya pothosi ya sebuleni, ukiining'iniza ndani ya maji na majani yakabaki nje, itawashinda Anubias zako zote.

Halafu ukate! Hapa ndipo watu wananiangalia kana kwamba nimewatukana. "Nimeukuza kwa taabu, nikate?" Ndiyo, kata, toa nje ya tangi. Alichokinyonya mmea bado kimo ndani ya mmea. Ukiuacha uzeeke na kuoza humo, unarudisha kila kitu majini. Waliokaa Mwanza au Kisumu miaka ya 1990 waliyaona haya kwa ukubwa wa ziwa: magugu maji yalinenepa kwa mbolea na majitaka yaliyoingia Ziwa Victoria, na yalipokufa yakazama na kuoza humohumo. (Pistia yako iliyozidi usiitupe mtaroni. Ianike juani ikauke, weka kwenye mchicha.)

Naitrati na fosfati za ziada utaziondoa hivyo, kwa mkasi. Chumvi na ugumu wa maji havinyonywi kwa kiasi cha maana, na kila unapoongezea maji kufidia yaliyokauka vinazidi. Badilisha maji. Sijadili.

Turudi kwa mteja wangu. Usiku mmea hautoi oksijeni, unaitumia, kama samaki. Maji ya nyuzi 28 yaliyotulia hayabebi hata miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na filta iliyokuwa inatikisa uso wa maji imechomolewa. Samaki waliokufa alfajiri kwenye tangi lililojaa majani, mimi huwaza hewa kwanza. Lakini filta ile ilikuwa pia na bakteria wake wanaovunja amonia, nao walikaa siku mbili bila maji kupita. Nilipopima, amonia ilikuwa juu. Ila kufikia hapo samaki wenyewe walishaanza kuoza. Nimelaumu hewa. Kiapo sili.

Na nikiri jingine: nyumbani nina tangi la lita 60 lisilo na filta, Ceratophyllum tele na gapi wachache, na maji yake ni kioo. Nikamtengenezea mpwa wangu lingine hivyohivyo. Baada ya mwezi lilikuwa supu ya mchicha. Nilisingizia mwanga wa dirisha.

Mteja amechomeka filta. Jioni akanitumia picha: "Fundi, hii Anubias ina mwani kwenye majani, inatibika?"

Futa kwa kidole, kaka.