Anza na kiti, injini iangalie mwisho

Pikipiki ya pili niliyowahi kununua niliichukua Kisumu, kwa mtu aliyekuwa akihamishwa kikazi. Injini yake ya cc 250 ilikuwa inaimba. Niliisikiliza ikiwa baridi, nikaisikiliza ikiwa imepata moto, nikatoa pesa. Kufika Ahero, njiani kuja Nakuru, najiona mfalme. Kufika Kericho vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, bega la kushoto linawaka, na nimeanza kugundua kwamba hata barabara ikinyooka, mimi bado nashikilia usukani kama mtu anayekata kona. Nilipotoa tangi hapa gereji Nakuru, nikakuta shingo ya chasisi, pale usukani unapoingia, imechomelewa na rangi kupakwa juu.

Tangu hapo, mtu akiniletea pikipiki iliyotumika nimkagulie, akisema anataka ya kusafiria, injini naiacha mwisho. Wengine hudhani nimepoteza akili. Lakini ringi, pistoni, cheni ya taimingi, vyote vina spea, na gharama unaijua kabla hujashika spana. Chasisi iliyopinda utaipelekea spea gani?

Kwa hiyo, kwanza panda ukae. Dakika kumi, muuzaji anyamaze. Miguu kwenye vikanyagio, mikono kwenye usukani, macho mbele. Viwiko vibaki vimelegea, na goti lisikunjike kupita kiasi. Ukiona umeegemea viganja vyako, hiyo ndiyo ganzi itakayokukuta kabla ya Londiani. Kisha simama nayo chini: ukigusa kwa ncha ya kidole cha mguu mmoja tu, fikiria foleni ya matrela pale Salgaa mvua ikinyesha, halafu uamue.

Urefu wa kiti watu huupuuza kwa sababu ya sura. Honda CRF250L ni nzuri ajabu kwenye matope, lakini kiti chake kiko juu sentimita 87 na nusu, ni chembamba kama mgongo wa punda aliyekonda, na tangi halifiki lita 8. Royal Enfield Himalayan ya 411 iko sentimita 80 na inabeba lita 15. BMW F650GS ya silinda moja, zile za kati ya 2000 na 2007, iko sentimita 78, na tangi lake la lita 17 limewekwa chini ya kiti, kwa hiyo uzito uko chini na hata mtu mfupi anaimudu. Tatizo lake ni spea kuagizwa mbali, na pampu ya maji ambayo sili yake ikichoka huanza kutoa matone. Piga magoti uangalie chini ya injini.

Na Boxer, ile ya Bajaj ya boda? Boxer 150 safi itakufikisha Kisumu, sitamdanganya mtu. Inakukalisha wima, na spea zake zinauzwa hata kwenye kiosk. Ila nyingi zilizoko sokoni zimefanya kazi ya boda, zimebeba magunia na watu watatu, na kiti kimeshonwa upya kirefu kikiwa na sponji laini la kuvutia abiria. Sponji laini ni mtego. Baada ya saa moja limelala lote na umekalia bati. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu: likizama mpaka chini, hesabu gharama ya fundi wa viti kwenye bei yako. Sponji gumu na pana kidogo ndilo la safari.

Boda pia huwa na ule mwavuli mkubwa. Ukitolewa, usukani unabaki na alama za vibanio, na mara nyingi umepinda, kwa sababu upepo ulikuwa ukiuvuta kama tanga. Usukani si ghali. Unanihusu kwa sababu unaonyesha maisha ambayo pikipiki imeishi. Kilomita za kwenye dashibodi siziamini, maana waya wake hufunguliwa kwa dakika mbili. Naangalia raba za vikanyagio, kikanyagio cha breki kilivyolika, na tundu la ufunguo.

Sasa unyoofu. Chukua uzi mrefu, uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili mpaka tairi la mbele ukigusa tairi la nyuma mahali pawili kila upande. Tairi la mbele ni jembamba, hivyo litaacha nafasi kulia na kushoto. Nafasi hizo zilingane. Zisipolingana, huenda gurudumu la nyuma limefungwa vibaya tu, lirekebishe upime tena. Zikikataa, ondoka. Tazama pia vile vizuizi viwili shingoni vinavyozuia usukani usizunguke kupita kiasi. Kimoja kikiwa kimebonyea au kimevunjika, pikipiki iliwahi kugonga kitu kwa nguvu. Laiti ningejua hilo siku ile Kisumu.

Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole. Ukihisi unanasa kishimo pale katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kwa upande: lisicheze. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nyingi, yaani meno marefu ya tairi, haimaanishi kitu kama mpira umeshakuwa mgumu.

Injini basi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika iguse: iwe baridi. Moshi wa buluu ni oili. Moshi mweusi ni petroli nyingi, na hapa kwetu usiharakishe kulaumu: kabureta iliyopimwa Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, ikipandishwa Timboroa, zaidi ya mita 2,700, inatoa petroli ileile kwa hewa pungufu. Za injeksheni, zisizotumia kabureta, hujirekebisha zenyewe. Kama mtetemo wa injini ndogo unakuchosha, sproketi ya mbele, ile gia inayovuta cheni, ya meno 14 ikibadilishwa kuwa ya 15 hupunguza mizunguko kama asilimia 7 kwa mwendo uleule, ingawa mlimani utashusha gia mapema.

Namba ya chasisi ilingane na logbuku, ile hati ya umiliki, na mwenyewe aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla hujamaliza kulipa.

Ile yangu ya Kisumu niliiuza vipande vipande. Chasisi ilienda kwa wa vyuma chakavu. Injini iko ndani ya pikipiki ya jamaa mmoja wa Njoro, na mpaka leo inaimba.