Taa ya oili kwenye RX-7: maneno ya gereji na kipimo chenyewe

Mazda RX-7 zenye turbo hapa Arusha unazihesabu kwa vidole, lakini ikiingia moja gereji, kila mtu ni daktari wake. Hadi muuza kahawa anaweka birika chini na kutoa maoni. Injini yenyewe, 13B, ni ya cc 1308 na badala ya pistoni ina rota mbili za pembe tatu. Presha ya oili ikishuka, maneno ni mengi kuliko vipimo. Nayapanga hapa yale ninayoyasikia mtaani kwetu Unga Limited karibu kila zinapokuja.

"Taa imewaka, ongeza oili." Nusu yake ni kweli. Kijiti cha kupimia oili ndicho cha kwanza kuchomolewa, kwa sababu injini hii ina kipampu kidogo kinachopeleka oili kwenye chemba ya kuchomea ili kulainisha sili za rota. Inakula oili hata ikiwa mpya kabisa, kwa hiyo kijiti kikavu si ajabu. Ila taa ya presha inasoma presha, haisomi ujazo. Ukijaza mpaka alama ya juu na bado inawaka, ukizidi kumimina utaambulia moshi tu.

Na kijiti usikifute haraka, kinuse kwanza. Rotari hunywa petroli nyingi ikiwa baridi. Sasa fikiria asubuhi ya Julai, mwenye gari anaiwasha, anaisogeza mita kumi kupisha Noah itoke getini, anaizima. Kesho tena. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji ya kunawa. Kijiti kikinuka petroli, mwaga oili, badili na filta, pima upya kabla hujamsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo.

"Geji ya dashibodi imelala, injini imekufa." Hili ndilo lililowamalizia watu pesa. Ililetwa kwetu moja ikiwa tayari imehukumiwa gereji nyingine: beringi zimeliwa, injini ishushwe. Tulifungua sensa ya oili tukakuta imeviringishwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, mzunguko juu ya mzunguko, eti isivuje. Sensa ile inapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye injini, kupitia uzi wake wa chuma. Ukiuvika nguo, geji inasoma uongo. Tukafunga geji ya mkono, ile yenye mpira unaopokea oili yenyewe bila waya wowote, tukaizungusha gari mjini dakika 20 ikapata moto, tukarudi kupima. Kwenye mizunguko 3000 kwa dakika ilisoma karibu psi 70 (psi ndicho kipimo cha presha), palepale inapotakiwa kuwa. Tukasafisha uzi, tukarudisha sensa, geji ya ndani ikaamka. Mwenye gari alicheka, kisha akanyamaza. Nadhani alikumbuka alicholipa kule kwa ajili ya hukumu.

Hiyo namba ya 70 ishike. Fundi aliyezoea injini ndogo za pistoni akiona psi 35 kwenye mizunguko hiyo anasema "safi kabisa, bosi". Kwa rotari si safi. Oili hapa inafanya kazi mbili, inalainisha na pia inapoza rota kwa ndani, ikirushwa na vijeti vilivyo kwenye shafti.

"Weka oili nzito." Sikatai 20W-50, wapo wanaoitumia kwenye joto na gari zinakwenda. Ninachokataa ni kuimimina ili sindano ipande. Kama oili inavuja ndani mahali fulani, nzito itachelewa kuvuja, basi. Tundu liko palepale.

"Ni huu mwinuko wetu, hewa nyepesi." Turbo inausikia mwinuko, pampu ya oili haiusikii. Na aliyeniambia hivyo alikuwa analalamika kwamba presha inashuka akienda Moshi! Arusha iko kama mita 1,400, Moshi iko chini ya 1,000. Kinachobadilika njiani ni joto. Ukishaipandisha gari kutoka daraja la Kikavu huku umekanyaga, oili imechemka na kulegea. Chungulia rejeta ya oili pale mbele kama haijazibwa na vumbi na nyasi.

"Turbo inakula presha." Inalishwa na kibomba chembamba. Turbo iliyochoka itakutolea moshi, haitakuangushia geji.

"Basi kama imeshuka kweli, ni pampu." Mara chache. Mimi nashusha sampo kwanza, lile bakuli la oili chini ya injini, naangalia chujio la kufyonzea. Waliopaka silikoni kama siagi juu ya mkate wameacha vipande vilivyojibandika hapo. Halafu vali ya kudhibiti presha, nayo unaifikia humohumo, inaweza kukwama wazi. Kisha kuna oringi moja ndogo, kipete cha mpira, nyuma ya kava ya mbele, kwenye njia ya oili inayotoka pampu. Ikipasuka, oili inarudi sampo bila tone kuonekana nje, na watu wanaapa injini haivuji. Presha ikilegea zaidi gari ikiwa imesimama inanguruma yenyewe, shuku pia vali ya joto iliyo mbele ya shafti. Kazi zote hizi hazihitaji kutenganisha rota. Ila ukilegeza boliti ya puli kuwa makini: beringi ya sindano iliyo nyuma yake huteleza kutoka mahali pake, na ukikaza bila kuangalia utaisaga.

Beringi kubwa nazo zipo, usidanganywe kwamba bila pistoni hakuna za kuliwa. Kila rota ina yake, na shafti ina zake mbili. Kuzijua, pasua filta ya zamani kwa kikata bati (msumeno unaacha chenga zake na kukuchanganya), kunjua ile karatasi juani, iinamishe huku na huku. Ikimetameta vipande vya chuma, hapo sibishani tena. Kaazime winchi ya kushushia injini.