Sketi ya Cancan Huonwa kwa Ndani

Mteja akiniletea nguo, kwanza naigeuza nione ndani, maana ufundi na ulipuaji vyote hujificha kwenye bitana. Sketi ya cancan, dansi ya Kifaransa ya kurusha miguu juu, haina pa kujificha. Marinda yake yanashonwa kwa ndani, safu juu ya safu, ili mchezaji akishika pindo kwa mikono miwili na kulitikisa, watu wayaone hayo. Ni kazi inayokula kitambaa: rinda la mita moja linataka mita mbili, pengine tatu, ndipo likunjike vizuri.

Uzito wote huo unaning'inia kiunoni. Sketi yangu ya kwanza ya aina hii, niliyoshonea kikundi cha maigizo, ilifumuka mkanda kwenye mazoezi tu. Niliushona mshono mmoja. Siku hizi napiga mitatu, na ndani naweka utepe mgumu wa pamba. Mchezaji wa cancan hurusha mguu juu ya kichwa, huushika kifundoni huku akirukaruka kwa mguu mwingine, hupiga magurudumu, kisha huruka na kutua amepasua msamba. Mkanda ukilegea hapo, pindo linamtega miguu.

Ndiyo maana nawaheshimu sana Doriss Girls, kundi la wachezaji wa ukumbi wa Moulin Rouge, Paris. Ukumbi ulifunguliwa tarehe 6 Oktoba 1889, na enzi hizo watu walimfuata mchezaji kwa jina lake: La Goulue, Jane Avril. Mwaka 1957 Doris Haug, Mjerumani, aliunda kundi hili, ambalo nguvu yake ni safu: wasichana warefu, mguu mmoja ukipanda yote imepanda. Doris alifariki mwaka 2014, lakini kundi bado linaitwa kwa jina lake. Onyesho lao la Féerie limeanza mwaka 1999, mara mbili kwa usiku, saa tatu na saa tano. Hesabu mwenyewe: zaidi ya mara 700 kwa mwaka.

Ukumbi huo unamiliki hata karakana ya viatu, Clairvoy, na ya manyoya, Février. Kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya kundi kudumu. Wachezaji huondoka, wengine huingia, na nguo lazima imkae mgeni kabla ya pazia kufunguliwa. Kwa hiyo kila sketi ya jukwaani naiachia akiba ya vidole viwili kila ubavu, na mshono wa hapo naupiga mrefu, ufumuke kwa wembe bila kuchana kitambaa.