Seli ya Mnyama Haina Ukuta

Seli ya mmea na seli ya mnyama, kwa kawaida, zote zina utando unaozizunguka, saitoplazimu ambamo kazi nyingi za seli hufanyika, kiini kinachohifadhi taarifa za urithi, na mitokondria zinazotoa nishati kutoka kwenye chakula. Seli ya mmea huwa pia na ukuta, vakuoli kubwa, yaani mfuko wenye maji, na, katika sehemu za kijani, kloroplasti zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Hayo wengi wanayajua. Linalosikitisha ni kusikia kila mara, hata kwa watu waliosoma, kwamba dawa au virutubisho "hupenya ukuta wa seli" za mwili wetu, ilhali mwili wa binadamu hauna hata seli moja yenye ukuta.

Utando ni tabaka laini la mafuta na protini, lenye unene wa takribani nanomita 7 hadi 10, nao ndio unaochagua: oksijeni huupita kwa urahisi, lakini ayoni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, hazipiti ila kwenye vijia maalumu vya protini. Ukuta uko nje ya utando huo, umejengwa hasa kwa selulosi, na maji pamoja na madini yaliyoyeyuka humo huupita bila kizuizi kikubwa, kwa kuwa kazi yake ni kulinda umbo la seli na kuizuia isipasuke inapojaa maji.

Tofauti hiyo huonekana kwa macho chini ya hadubini. Bandua ngozi nyembamba ya zambarau kwenye gamba la kitunguu chekundu, uidondoshee maji yenye chumvi nyingi, na baada ya muda mfupi utaona ile rangi ikijikunyata na kujitenga na kingo, kwa sababu utando umesinyaa pamoja na vilivyomo ndani yake huku ukuta ukibaki palepale. Seli nyekundu ya damu, ambayo haina ukuta, ikitiwa katika maji matupu huvimba hadi ikapasuka. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya chumvi huwa na gramu 9 za chumvi kwa lita, ili seli za damu zisivimbe hivyo. Penisilini nayo huwaua bakteria kwa kuwazuia wasijenge kuta zao, ambazo ni za aina nyingine na si za selulosi, na seli zetu husalimika kwa kuwa hazina ukuta wa kuharibiwa.

Kwa hiyo, anayeeleza jinsi dawa inavyoingia katika seli ya mgonjwa aseme inapita kwenye utando. Na mwalimu anayechora jedwali lenye "ukuta" upande wa mmea na "utando" upande wa mnyama, tunamwomba aongeze neno "utando" upande wa mmea pia, kwa maana hata katika kinyweleo cha mzizi, kinachoamua madini gani yaingie ndani ya seli ni utando ulioko nyuma ya ukuta.